Ruta mpya au waya mbovu? Namna ya kujua kinachochelewesha intaneti nyumbani

Mama mmoja wa Dar es Salaam alinipigia simu akiwa ameshanunua ruta mpya ya Wi-Fi 6. Nyumba ya ghorofa moja, faiba imeingia, kifurushi cha megabiti 200 kwa sekunde, na watoto watatu wanaosoma na kucheza mtandaoni. "Fundi, njoo unifungie hii. Ya zamani imechoka."

Nilipofika nikaomba nipime kwanza ile ya zamani, ya Wi-Fi 5, kizazi cha kabla ya hicho. Ikatoa 94. Nikafunga mpya. Ikatoa 94. Nikarudia kwa simu nyingine, kisha kwa laptopu, na namba haikutoka kwenye 93 na 94.

Mafundi wa mitandao tunaijua namba hiyo kama tunavyojua jina la jirani. Ni megabiti 100 baada ya kuondoa ile sehemu inayoliwa na anwani na vichwa vya data yenyewe. Mahali fulani njiani palikuwa na kitu kinachopitisha 100 tu, hata ungefunga ruta ya namna gani mbele yake. Tukafuata waya kutoka kwenye kisanduku cha faiba. Nikakata kichwa cha plastiki, nikachuna ganda. Nyuzi nane zilikuwamo, lakini zilizofika kwenye meno ya shaba zilikuwa nne: ya chungwa na mwenzake mweupe, ya kijani na mwenzake mweupe. Za buluu na kahawia zilikatwa zikakunjwa nyuma, chini ya ganda, mahali ambapo hakuna mtu angeziona. Nyuzi nne zinatosha kwa megabiti 100. Kwa gigabiti lazima zote nane zifike.

Nikafunga kichwa kipya ambacho bei yake haifiki ya soda. Ruta ya zamani ikatoa 188 sebuleni. Ile mpya ikarudi kwenye boksi, na mwenye duka akakubali kuipokea.

Swali la "ninunue ruta yenye kasi zaidi?" naulizwa karibu kila wiki, na pesa inayozungumzwa kwa familia nyingi ni pesa ya maana. Kwa hiyo naandika hapa njia ninayoifuata nikiingia kwenye nyumba ya mtu, dalili kwa dalili. Ziko hali ambazo ruta mpya ndiyo dawa, nami nitazitaja waziwazi. Lakini ni chache kuliko wauzaji wanavyotuaminisha.

Anza na namba tatu

Ya kwanza ni ya waya. Chomeka laptopu moja kwa moja kwenye kisanduku cha faiba au kwenye ruta uliyopewa na kampuni, zima Wi-Fi ya laptopu, wengine wote watoke mtandaoni, kisha pima. Ya pili ni ya karibu: simama mita mbili kutoka kwenye ruta, pasiwe na ukuta katikati, pima kwa simu. Ya tatu ni ya mbali: nenda pale mnapolalamikia, iwe kitandani, jikoni au kwenye baraza ya nyuma, upime kwa simu ile ile.

Rudia asubuhi, na tena saa mbili usiku. Andika kwenye karatasi, maana kichwa kinasahau na namba za jana ndizo utakazozihitaji kesho.

Halafu angalia unasoma kipimo gani. Kifurushi kinauzwa kwa megabiti. Faili linaposhuka, kompyuta nyingi huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Mtu mwenye kifurushi cha 40 akiona faili linashuka kwa megabaiti 5 kwa sekunde, anapata alichokilipia chote. Nimeshaitwa kwenye nyumba ambayo ugonjwa wote ulikuwa huo, na niliondoka bila kufungua hata skrubu moja.

Namba ya waya iko chini ya ulicholipia

Hapa usiguse suala la ruta ya kisasa kabisa. Wi-Fi haiwezi kutoa kisichoingia ndani.

Ukiona 93 au 94 wakati kifurushi ni zaidi ya 100, umeshajua: waya wenye nyuzi nne, au tundu la megabiti 100 upande mmojawapo. Usisahau tundu la laptopu yenyewe. Ziko laptopu na ruta nyingi za bei nafuu ambazo matundu yake ni ya megabiti 100 ingawa boksi limeandikwa maelfu. Soma maelezo ya matundu kabla hujanunua. Herufi kubwa za mbele ya boksi haziyagusi.

Asubuhi ni nzuri, usiku mbaya, hata kwa waya? Hapo mtaa mzima unagawana bomba moja. Faiba nyingi za majumbani ni za mfumo wa GPON, ambamo uzi mmoja wenye gigabiti 2.5 hivi hugawanywa kwa nyumba kadhaa, na nyuma yake kuna njia nyingine ambazo kampuni imezinunua kwa kiasi fulani. Dawa iko kwa kampuni, na karatasi yako yenye tarehe na saa ina nguvu kuliko kusema "intaneti yenu mbovu".

Ikishuka muda wote, tazama ule waya mwembamba wa faiba. Ndani yake ni kioo. Ukipindwa kwenye kona kali, ukabanwa na mlango au kabati likasukumwa juu yake, mwanga unavuja. Taa nyekundu iliyoandikwa LOS ina maana mwanga haufiki kabisa. Mwanga ukifika dhaifu taa inaweza kubaki kijani, ila kwenye mipangilio ya kisanduku utaona nguvu ya kupokea. Visanduku vya kawaida vya GPON vinataka namba kati ya -8 na -27 (kwa kipimo cha dBm, ambapo -27 ni dhaifu kuliko -8). Ukisoma -28 au -29, piga simu uitaje namba hiyo hiyo. Fundi atakayekuja atakuja na vifaa sahihi.

Waya ni sawa, karibu ni sawa, chumbani hakuna kitu

Hii ndiyo dalili inayowapeleka watu wengi dukani, na ndiyo ambayo ruta mpya huisaidia kidogo kuliko wanavyotegemea. Nguvu ya kurusha mawimbi imewekewa ukomo na sheria za masafa, kwa hiyo ruta ya bei kubwa haipigi kelele mara kumi zaidi ya ya bei ndogo. Na hata ikipiga, simu yako nayo lazima ijibu, na antena yake ni ile ile ndogo. Ndiyo maana unaona mistari imejaa lakini ukurasa haufunguki: simu inaisikia ruta, ruta haiisikii simu.

Adui mkubwa ni ukuta. Tofali la kawaida la saruji linapunguza, ila mawimbi yanapita. Zege lenye nondo ni jambo lingine, na nyumba zetu za ghorofa zina bamba zima la zege na nondo kati ya juu na chini. Grili za chuma, milango ya chuma, mabati, kioo kikubwa cha kabati chenye mgongo wa fedha, vyote vinarudisha mawimbi. Maji yanayameza. Nimeona ruta imewekwa juu ya rafu nzuri, na nyuma ya ukuta ule ule kuna tangi la lita elfu.

Kisha kuna nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa. Hizo lazima nizizungumzie peke yake, kwa sababu ushauri wa vifaa unaotoka nje unadhani kila nyumba ina kuta za mbao na jasi. Kuta za matumbawe na chokaa zinafika nusu mita, na vyumba ni virefu na vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Ukitoka sebuleni hadi chumba cha tatu umeshavuka mita moja na nusu ya mawe. Katika nyumba ya namna hiyo nilipima nguvu ya mawimbi ya 5 GHz (moja ya bendi mbili ambazo ruta nyingi hutumia, nyingine ni 2.4 GHz): hatua tatu kutoka kwenye ruta, -48. Nikavuka mlango, nikasimama nyuma ya ukuta wa kwanza, -71. Nyuma ya wa pili simu haikuiona ruta tena. Kila unapopoteza 3 kwenye namba hizo, nguvu imebaki nusu. Fikiria 23 ni nusu ya nusu mara ngapi. Wi-Fi 7 isingevuka ukuta ule. Bendi mpya ya 6 GHz ndiyo kabisa, kwani masafa yakipanda, kupenya kunapungua.

Fanya hivi kwa mpangilio. Hamisha ruta kwanza. Mafundi wengi huiacha pale faiba ilipoingilia, ambapo ni pembeni mwa nyumba, kwa hiyo nusu ya mawimbi yanaenda kwa jirani. Iweke katikati, juu, usawa wa kichwa cha mtu mzima, nje ya kabati, mbali na friji na TV. Pima tena namba ya mbali. Mara nyingi hatua hii peke yake inatosha, na gharama yake ni waya wa mita kumi.

Isipotosha, pakua kwenye simu programu ya kupima nguvu ya mawimbi utembee nayo nyumba nzima. Hadi -67 maongezi ya video yanakwenda vizuri. Ikishuka chini ya -75, yaani -76, -80 na kuendelea, anza kuhesabu matatizo.

Vile vifaa vidogo vya kuchomeka ukutani vya "kuongeza Wi-Fi" navishauri kwa shida sana. Kinachotumia redio moja kupokea na kurusha kinakata kasi karibu nusu, na watu hukiweka pale ambapo mawimbi yameshakufa, kikirudia kile kidogo kilichofika. Wala usidanganywe na mistari kujaa. Hiyo ni nguvu kati ya simu na kile kifaa, na haikuambii chochote kuhusu safari ya kutoka kwenye kifaa hadi kwenye ruta.

Kinachofanya kazi ni waya. Vuta kebo ya mtandao ya daraja la Cat5e hadi upande wa pili wa nyumba (inabeba gigabiti kwa mita 100, na nyumba gani inafika huko?), mwisho wake ufunge kituo cha pili cha Wi-Fi. Kituo hicho kinaweza kuwa ile ruta ya zamani iliyolala kwenye droo. Ingia kwenye mipangilio yake, zima huduma ya kugawa anwani inayoandikwa DHCP, ipe anwani isiyogongana na ya ruta kubwa, jina na neno la siri la Wi-Fi viwe vile vile, kisha chomeka kebo kwenye tundu lolote la LAN (la vifaa vya ndani), si lile la WAN (la kuingizia intaneti). Kwenye nyumba za mawe pitisha kebo juu ya mlango au kwenye bomba la umeme wa zamani lisilotumika. Usitoboe ukuta wa chokaa bila kumuuliza mtu anayezijua nyumba hizo.

Waya ni sawa, lakini hata karibu na ruta ni polepole

Hapa ndipo swali la kununua linapoingia kwa haki.

Angalia kwanza kama simu imeshika 2.4 GHz. Bendi hiyo ina nafasi ya chaneli tatu tu zisizogongana, yaani 1, 6 na 11, na kwenye ghorofa za Kariakoo au Eastleigh unaweza kukuta ruta ishirini zinazigombania. Oveni ya maikrowevu nayo inafanya kazi humo humo. Hamia 5 GHz, pima upya. Kama ruta haina 5 GHz, umepata jibu lako.

Umri wa kifaa unasomeka kwenye herufi zake. Kiwango cha 802.11g cha 2003 kiliandikwa megabiti 54. 802.11n cha 2009, ambacho sasa kinaitwa Wi-Fi 4, kwenye ruta ya antena mbili na chaneli ya kawaida kinaandikwa 144, na mkononi utapata nusu ya hiyo au pungufu. Wi-Fi 5 ya 2013, kwa simu ya antena mbili, inaandikwa 867. Wi-Fi 6 kwa simu ile ile ni 1201. Kila mara mkononi tarajia nusu hivi, kwa sababu hewa ni ya kupokezana kama redio za upepo: mmoja akisema, wengine wote wanasubiri aseme ova.

Sasa weka kifurushi chako mbele ya namba hizo. Mwenye megabiti 20 au 40 na ruta ya Wi-Fi 5, hata Wi-Fi 4 kwenye mtaa mtulivu, hatapata chochote cha kumwonyesha mgeni kwa kununua Wi-Fi 7. Netflix wenyewe wanapendekeza megabiti 5 kwa picha ya 1080p na 15 kwa ya 4K. Mwenye kifurushi cha 100 na zaidi na ruta ya Wi-Fi 4, anunue, na atauona utofauti siku hiyo hiyo. Mwenye Wi-Fi 5 anayeishi kwenye jengo lenye nyumba nyingi, na ndani ana vifaa kumi na tano au zaidi, Wi-Fi 6 itamsaidia, kwani iliundwa hasa kwa ajili ya msongamano: inaweza kuhudumia vifaa kadhaa katika zamu moja. Kasi ya kifaa kimoja kikiwa peke yake haipandi sana.

Namba ya mbele ya boksi isikutie haraka. AX3000 ni 2402 ya bendi moja ikijumlishwa na 574 ya nyingine, na hakuna simu inayopata jumla hiyo. Ile 2402 yenyewe inataka chaneli yenye upana wa megahezi 160 ambayo simu nyingi hazina. Na kama simu zenu wote ni za Wi-Fi 5, ruta ya Wi-Fi 6 itazungumza nazo Wi-Fi 5.

Kipimo ni kizuri, lakini simu za video zinakatika

Hii inawatesa watu wanaofanya kazi nyumbani, na wengi wameshabadilisha ruta mbili bila nafuu. Pima 50, kila kitu safi. Saa kumi na mbili jioni baba anaingia, simu yake inashika Wi-Fi na kuanza kupakia picha za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni, na mkutano wa mama unaganda.

Ni foleni. Njia ya kupakia kwa vifurushi vingi ni nyembamba, na ruta inapoletewa data nyingi kuliko inavyoweza kutoa, inazipanga kwenye akiba yake. Sauti ya mama nayo inasimama nyuma ya picha mia tatu. Hakuna kilichopotea, kimechelewa tu, na kwa maongezi kuchelewa ndiko kubaya.

Jaribu hivi: fungua programu ya ping, ona muda wa kwenda na kurudi nyumba ikiwa tulivu, tuseme milisekunde 20. Kisha anza kupakia video ndefu kwenye simu nyingine. Ikiruka hadi 400 au 800, umeipata. Dawa ni ruta yenye kusimamia foleni, ambayo kwenye mipangilio huandikwa SQM au QoS, ukaiwekea ukomo wa asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyoipima kwa waya, kupakua na kupakia. Kasi ya juu utapoteza kidogo, na nyumba nzima itatulia. Ruta ya zamani isipokuwa na uwezo huo, hii kwangu ni sababu halali ya kununua nyingine, pengine kuliko namba zote za Wi-Fi.

Tovuti za hapa zinafunguka, za nje hazifunguki

Usiguse kitu. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, watu Tanzania na nchi jirani walizima na kuwasha ruta siku nzima bure. Kama kurasa zinazohifadhiwa nchini ni nyepesi na za ng'ambo zimekwama kwa kila mtu, subiri.

Inakatika umeme ukiyumba

Adapta iliyochoka huwasha taa zote za ruta, lakini matumizi yakipanda volti inashuka na ruta inajizima na kujiwasha. Badilisha adapta kwanza: volti ziwe zile zile zilizoandikwa chini ya ruta, ampea ziwe sawa au zaidi. Ukinunua betri ndogo ya akiba, iwashe ruta na kisanduku cha faiba pamoja. Wengi huwasha ruta peke yake, halafu wanashangaa Wi-Fi ipo na intaneti haipo.

Hali ambazo kasi ya ndani ina thamani yake

Ziko kazi zisizotoka nje ya nyumba. Kamera za ulinzi zinazorekodi kwenye diski ya nyumbani, mpiga picha anayehamisha faili za harusi kutoka laptopu moja hadi nyingine, TV inayosoma filamu kutoka kwenye diski iliyo chumba cha pili. Hapo kifurushi hakihusiki, na Wi-Fi 6 nzuri inaokoa saa nzima za mtu, ingawa waya bado unaishinda. Kamera zisizohama zifunge kwa waya kila inapowezekana. Kila moja unayoitoa hewani inawapa wengine nafasi.

Na ruta ambayo mtengenezaji ameacha kuitolea masasisho ya usalama, ibadilishe hata kama kasi yake inakuridhisha. Kila kinachopita nyumbani kwako, pamoja na benki ya simuni, kinapita humo.

Yule mama wa mwanzo sasa ana karatasi imebandikwa pembeni ya ruta: tarehe, saa, ya waya, ya sebuleni, ya chumba cha watoto. Juzi ilishuka hadi 61 kwa waya. Akapiga simu kwa kampuni akawasomea namba za siku tano, na kesho yake fundi wao alikuja kuunga upya faiba kwenye nguzo.